Mgeni wa Tsavo Alale Wapi?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini sisi wenyeji wa Voi tumewaona wageni wakija kwa furaha na kurudi kwao wamenuna, si kwa kukosa wanyama, bali kwa sababu walilala mahali pasipowafaa. Ndiyo maana nimeishika kalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na kila asubuhi nikija shuleni hupishana na magari ya watalii yakielekea langoni. Kwa hivyo, msomaji mpendwa, usinidharau kwa umri wangu.

Kwanza kabisa, uliza ni Tsavo ipi. Mbuga hii ilianzishwa mwaka wa 1948, na leo kuna Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zikitenganishwa na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Mashariki peke yake inazidi kilomita mraba 13,000. Mtu akikwambia hoteli iko "Tsavo", bado hajakwambia kitu!

Mwaka jana mwezi wa Agosti mjomba wangu wa Kitale alikuja na mkewe na watoto watatu. Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo tangu Januari. Kwa simu aliambiwa chumba kiko karibu na lango la Tsavo, akalipia siku mbili. Nami nikamngoja stendi ya Voi mpaka miguu ikauma.

"Shikamoo mjomba, mko wapi?" nikampigia.

"Marahaba. Tuko hapa Tsavo, nyinyi ndio mko wapi?"

Kumbe walikuwa Mtito Andei, karibu kilomita 100 kutoka hapa, na gari walilokodi lilikuwa Voi. Siku ya kwanza ikaishia ndani ya matatu, na pesa za chumba hazikurudi. Siku ya pili waliingia mbugani saa nne, jua limeshawaka na simba wamejificha vichakani. Kitinda mimba wao alikuja kwa ajili ya simba tu. Aliona mkia.

Hapo ndipo utaona faida ya kulala ndani. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na huo ndio wakati wanyama wanatembea. Aliyelala ndani ameshafika. Kuna hoteli iliyojengwa mlimani, Voi Safari Lodge, ambapo mgeni huketi juu akawatazama ndovu wakinywa maji chini. Kuna pia hoteli karibu na bwawa la Aruba, lililochimbwa mwaka wa 1952, na kambi za mahema. Lakini bei, ndugu yangu, si mchezo, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba kukiwa kukavu na wanyama wamekusanyika kwenye maji. Uliza kama bei ni ya mtu au ya chumba, na kama chakula kimo. Uliza tena kuhusu ada ya mbuga, kwani hiyo hulipwa kando, na ukilala ndani unailipa kwa kila siku.

Mwenye hema lake anaweza kupiga kambi Ndololo, karibu na Mto Voi. Asiache mkate nje tu, nyani hawana adabu.

Vyumba vya mjini ni nafuu zaidi. Ila usiangalie bei peke yake. Malori ya Mombasa hunguruma usiku kucha, basi omba chumba cha nyuma. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka, maana huku kwetu maji ni shida. Tazama neti kama haina matundu. Halafu kuna hesabu ambayo wengi huisahau: mbugani huruhusiwi kuingia kwa miguu wala kwa bodaboda, kwa hivyo gari la kukodi ni lazima ulijumlishe na bei ya chumba.

Kambi nyingine hazina ua. Usiku ukisikia matawi yakivunjika usitoke na tochi yako ati unataka picha, mwite askari akusindikize. Sisi wa hapa hatushangai. Ndovu huingia shambani kwa nyanya, humaliza mahindi yote na kwenda zake, na hakuna anayemtoza ada. Mimi mwenyewe sijawahi kulala mbugani hata siku moja.

Agosti hii mjomba anarudi, na safari hii amenipa mimi kazi ya kumtafutia chumba. Nimekipata, mbali na barabara kuu, na neti nimeikagua kwa macho yangu. Dereva atakuja saa kumi na moja u nusu alfajiri. Nimempelekea ujumbe yule kitinda mimba alale mapema.