Kona za Ndege Vita Katika Hewa ya Tabora

Siku yenye joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ya Bagamoyo ina uzito wa takriban kilo 1.16. Tabora, mji uliokaa karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa joto lilelile uzito huo unashuka hadi kilo 1.01. Ukiteremka upande wa pili mpaka Kigoma, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, mwinuko ni mita zipatazo 770 na uzito wa hewa unarudi kwenye kilo 1.06 hivi. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Ujiji, jirani na Kigoma, inapanda na kushuka hivyo. Mpagazi mwenye pembe ya ndovu begani hakuwa na sababu ya kuhesabu tofauti hizo. Rubani wa ndege vita hawezi kuzikwepa, kwa kuwa bawa lake linabebwa na hewa hiyohiyo.

Hawezi kuzikwepa pia mtu mwingine, ambaye huenda hajawahi kupanda ndege: yule anayekesha mbele ya kompyuta akipima ni ndege ipi inakata kona vizuri kuliko nyingine. Programu kama DCS World, IL-2 Sturmovik na Falcon BMS huiga urubani wa kivita kwa kufuata kanuni za fizikia. Ndege ya humo ina uzito, mbawa na injini, na hewa inayopita juu yake ina joto na uzito. Kitu chenye vipimo kinapimika, na matokeo yake yanaweza kuchorwa. Michoro hiyo ya kona ndiyo humwambia mchezaji mapema apigane na adui kwa kasi gani, na lini aachane naye.

Mchoro wenyewe ni wa aina moja karibu kila mahali. Mstari wa chini unaonyesha kasi. Mstari wa wima unaonyesha ndege inageuka nyuzi ngapi kila sekunde. Upande wa kushoto kuna ukingo unaopanda: hapo kasi ni ndogo, na rubani akivuta usukani kupita kiasi bawa linaachia hewa na ndege inaporomoka. Upande wa kulia kuna ukingo unaoshuka: hapo kasi ni kubwa, bawa lina nguvu tele, lakini muundo wa ndege au mwili wa rubani hauwezi kuhimili zaidi. Kingo hizo mbili zinapokutana panatokea kilele. Kasi ya kileleni ndiyo inayoipa ndege kona kali kuliko zote, na rubani mwenye akili huitafuta kasi hiyo kabla ya risasi ya kwanza.

Chini ya kilele hupita mstari mwingine, na huu ndio wenye maana kubwa zaidi. Kona kali hula kasi. Rubani anaweza kuvuta usukani kwa nguvu kwa sekunde tatu na kugeuka vizuri sana, kisha akajikuta anaelea bila nguvu kama mwendesha baiskeli aliyekata kona katikati ya mlima. Mstari wa ndani unaonyesha kona ambayo injini inaweza kuilipia bila ndege kupoteza kasi wala mwinuko. Mapigano mengi yanayodumu zaidi ya nusu dakika huamuliwa na mstari huo.

Wazo la kulinganisha ndege kwa njia hii lilipata umbo lake mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kambi ya Eglin huko Florida, Marekani. Rubani John Boyd na mtaalamu wa hisabati Thomas Christie walitumia kompyuta ya jeshi kukokotoa, kwa kila kasi na kila mwinuko, ndege inabakiwa na nguvu kiasi gani ya ziada. Walipoziweka ndege za Marekani na MiG za Kisovieti kwenye mchoro mmoja, waliona maeneo mapana ambamo MiG ilikuwa na faida. Hesabu hizo zilichangia kuzaliwa kwa F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974.

Hesabu ya msingi, hata hivyo, haihitaji kompyuta ya jeshi. Inaweza kufanywa kwa ndege za kivita za kwanza kabisa kuonekana mwisho wa njia ya misafara. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji walikuwa na ndege nne za kutua majini, aina ya Short 827, walizopewa na jeshi la wanamaji la Uingereza. Zilipitishwa Kongo kwa reli na kwa mto hadi Mtoa, kaskazini ya Kalemie ya leo. Kutoka huko, rubani Aimé Behaeghe na wenzake walivuka ziwa kwenda kuishambulia bandari ya Kigoma, wakiiwinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo Julai 26, 1916, na baadaye ikaibuliwa na Waingereza na kuitwa Liemba. Septemba 19 mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora.

Short 827 ilikuwa na uzito wa kilo 1,540 hivi ikiwa imejazwa, mbawa za mita za mraba 47, injini ya nguvu za farasi 150 na kasi ya juu ya kilomita 100 kwa saa. Kwa makadirio ya kalamu na karatasi, katika hewa ya Kigoma isingeweza kuelea chini ya kilomita 80 kwa saa. Ikilala upande kwa nyuzi 30, kima hicho cha chini kinapanda hadi kilomita 86; ikilala kwa nyuzi 45, kinafika 95. Injini nayo inaishia 100. Mchoro wake wa kona, kwa hiyo, ni kipande chembamba sana: rubani alikuwa na nafasi ya kilomita chache tu kwa saa kati ya kuporomoka na kuishiwa nguvu, huku chini kukiwa na bunduki.

Lakini tazama namba zenyewe. Ndege hiyo ikigeuka kwa kilomita 90 kwa saa, ikilala nyuzi 30, inamaliza duara zima kwa sekunde 28 hivi, ndani ya nusukipenyo cha mita 110. Ndege ya jeti inayokwenda kilomita 720 kwa saa, huku rubani akibanwa na uzito wa mwili wake mara tano, inamaliza duara kwa sekunde 26, na nusukipenyo chake ni mita 830. Mwendo umezidi mara nane, na muda wa kugeuka umepungua kwa sekunde mbili tu! Duara limekua karibu kwa kiwango cha kasi yenyewe.

Sasa jeti hiyo iendeshwe juu ya njia ya misafara. Tuseme ni ndege ambayo, Bagamoyo, haiwezi kuelea chini ya kilomita 300 kwa saa, na inaruhusiwa kubeba uzito wake mara sita. Kilele cha mchoro wake kitakuwa karibu kilomita 735 kwa saa, duara likiwa la sekunde 22 na nusukipenyo cha mita 720. Juu ya Tabora kilele kinahamia kilomita 790, duara linachukua sekunde karibu 24, na nusukipenyo kinafika mita 830. Rubani aliyekariri mchoro wa pwani atakuwa amechelewa sekunde tano baada ya mizunguko mitatu. Kwa kasi hiyo ya kugeuka, sekunde tano ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya duara.

Ubaya ni kwamba kipima kasi kilicho mbele yake hakimwambii. Chombo hicho husoma msukumo wa hewa, na hewa ikiwa nyepesi husoma pungufu ya mwendo halisi. Bagamoyo na Tabora sindano itasimama karibu palepale. Mchora chati anayeandika namba za sindano bila kuandika mwendo halisi anaifuta tofauti yote, na makosa ya namna hiyo ni mengi.

Upimaji wenyewe unataka subira. Mpimaji huweka upepo sifuri, mafuta nusu tangi, na kuamuru mafuta yasipungue ili uzito usibadilike. Programu nyingi huuliza joto la usawa wa bahari. Anayetaka nyuzi 30 kwenye mita 1,200 inabidi aandike karibu 38. Kisha anafungua injini yote, analaza ndege na kuzunguka mpaka kasi itulie, na programu ya Tacview inarekodi kila sekunde. Akishuka hata mita 100 katika mzunguko, jaribio hilo linatupwa, kwani ndege imekopa nguvu kutoka kwenye mwinuko. Anarudia kwa kasi nyingine, na nyingine tena, hadi nukta zitoshe kuunganishwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kazi hii ina uzito wake. Uwanja wa Entebbe, ambako makomando wa Israeli waliharibu MiG za Uganda ardhini Julai 4, 1976, uko mita 1,150 juu ya bahari. Mwanza, mji ambao ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuushambulia mwaka 1979 ikaishia kuangusha mabomu kwenye kisiwa cha Saanane, uko mwinuko uleule. Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, ambavyo shambulio hilo lilikuwa sehemu yake, vilipiganwa katika hewa ya aina ya Tabora. Ndege za F-5 za Kenya hukaa Nanyuki, palipo juu zaidi, karibu mita 1,900. Michoro mingi inayosambazwa na wachezaji ni ya usawa wa bahari, na hapa kwetu inadanganya.

Vifaa vya kuirekebisha vipo. DCS ina MiG-21bis tangu 2014, F-5E tangu 2016 na MiG-19P tangu 2019. F-7 na F-6 za Kichina, ambazo Tanzania ilizipata, ni watoto wa MiG-21 na MiG-19. MiG-21 ina bawa la pembetatu linalokubali kona kali ya ghafla lakini linalokula kasi vibaya. Katika hewa nyepesi, injini nayo ikiwa imepoteza sehemu ya nguvu, mstari wa ndani wa mchoro wake unashuka. Kijana wa Tabora mwenye kompyuta imara anaweza kuupima mstari huo kwa mwinuko wa mji wake, aandike pembeni uzito, mafuta, silaha, mwinuko na joto, kisha auweke kando ya ule wa F-5E. Namba zake zikitofautiana na kitabu cha rubani, anazo rekodi za kuwatumia watengenezaji wakague hesabu zao.