Sungura wa Lund na Kidonge cha Babu

Paukwa! Haya, itikieni: pakawa!

Sungura wa hadithi hii hakumdanganya Fisi wala hakuiba maji kisimani. Aliishi maabarani, mjini Lund, nchini Uswidi. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa ya reserpini, inayomaliza dopamini ubongoni. Dopamini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Ikikosekana, mwili hautii amri. Sungura wakalala chapa, masikio yamelegea. Kisha wakadungwa dopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Punde si punde wakaamka!

Mwenye ugonjwa wa Parkinson hupoteza polepole seli zinazotengeneza dopamini. Ndiyo maana mkono hutetemeka, hatua hufupika, na vifungo vya shati humshinda. Mwaka 1967, huko Marekani, daktari George Cotzias alionyesha kuwa wagonjwa waliomeza dopa kwa kiasi kilichoongezwa kidogo kidogo walipata nafuu kubwa. Aina yake iitwayo levodopa ndiyo dawa kuu hadi leo.

Mngependa hadithi iishie hapo, sivyo? Lakini miaka hupita, na wagonjwa wengi huanza kuona mambo mawili. Kwanza, nguvu ya kidonge huisha kabla ya saa ya kidonge kingine. Babu aliyetembea vizuri asubuhi huganda mlangoni kabla ya mchana. Pili, dawa inapopanda mwilini, viungo hujipinda na kuchezacheza bila yeye kutaka. Msimcheke; hafanyi makusudi.

Kwa nini? Nyumba yenye tangi kubwa haiogopi mgawo wa maji: bomba likikauka, akiba ipo. Mwanzoni, seli zilizobaki huweka dopamini akiba na kuitoa taratibu. Seli zikizidi kufa, tangi huwa dogo. Kidonge kikiingia, ni mafuriko. Kikiisha, ni ukame.

Je, dawa ndiyo inayoharibu tangi? Madaktari wengi walihofia hivyo, wakawa wanachelewesha kuitoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha wagonjwa wa Ghana, walioanza levodopa kwa kuchelewa, na wa Italia, walioanza mapema. Ukihesabu tangu ugonjwa ulipoanza, matatizo yale yaliwafika pande zote mbili baada ya muda unaokaribiana. Kuchelewa hakukuwakinga Waghana. Kilicholeta tofauti ni umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, si miaka ya kumeza dawa.

Basi daktari hucheza na saa na vipimo: dozi ndogo, mara nyingi zaidi. Chakula nacho kina neno lake, kwani protini ya nyama na maharage hugombea njia moja na levodopa kutoka tumboni. Kwa hiyo wengi hushauriwa kumeza kidonge kabla ya kula. Zipo pia dawa zinazoiga dopamini, ambazo huweza kumtia mtu mzima hamu ya kamari isiyozuilika. Hilo aambiwe daktari, bila kumwaibisha mgonjwa.

Dawa hizi haziachwi ghafla, maana kuziacha hivyo ni hatari. Nanyi wajukuu mna kazi: andikeni saa Babu anapomeza kidonge, saa anapoganda, na saa viungo vinapocheza. Daktari humwona kwa dakika chache tu; daftari lenu litamwonyesha siku nzima.