KUCCPS imekupeleka fizikia huko Kericho? Soma hii kabla ulie

Umefungua simu, ukaingia kwa mtandao wa KUCCPS, moyo unadunda. Ulikuwa unangoja uhandisi Nairobi. Badala yake umepewa digrii ya fizikia, na chuo kiko katikati ya majani chai. Mathe anashangilia. Buda ashapigia ukoo mzima simu. Wewe umenyamaza tu, na beste yako anakuuliza, "Sasa fizikia utakuwa nani nayo?"

Tulia msee. Wacha nikupe rada.

Unaenda wapi?

Chuo Kikuu cha Kabianga, Kericho, kilikuwa chini ya Moi hadi kikapata hati yake 2013. Bomet University College ilianzishwa 2017, pia chini ya Moi. Ni vyuo vichanga, na ukivilinganisha na UoN au KU, umati ni mdogo.

Udogo una mazuri na mabaya yake. Fizikia ya 8-4-4 si lazima kwa KCSE, wasee wengi huitoroka mapema, kwa hivyo darasa la fizikia chuoni huwa si la kujaza ukumbi. Lekcha atakujua kwa jina. Ukikosa darasa, kiti chako kinaonekana. Upande wa pili, chuo kidogo popote pale huwa na vifaa vichache vya maabara. Unaweza kupata mko wasee sita kwa mashine moja, wawili wanapima, wanne wanachill na kukopi matokeo. Usikubali kuwa kati ya hao wanne. Fika mapema, shika waya mwenyewe.

Utasoma nini hasa?

Miaka minne. Mwaka wa kwanza ni mekanika, umeme, mawimbi na mwanga, yaani vitu ulivyoviona Fom 4 lakini sasa vimevaa kalkulasi. Mbele kidogo inakuja thamodinamika na elektroniki. Halafu kwantamu, ambapo unaambiwa elektroni haina njia moja ya kupita, na unatakiwa ukubali maisha yaendelee. Mwisho unafanya mradi wako mwenyewe.

Ukweli mchungu ni huu: digrii ya fizikia ni hesabu kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Kama ulipata A ya fizikia kwa kukariri fomula, fomula hazitakuokoa.

Hapa naongea na kidonda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na haikuwa huko Kericho. Watu hudhani hesabu ilinishinda. Kilichonimaliza ni kunyamaza. Nilikosa topiki moja ya kalkulasi, nikaona aya kuuliza. Topiki iliyofuata ikajengwa juu ya ile. Kufika mwisho wa semista nilikuwa nakopi noti za makomredi kama mtu anachora katuni. Sapu ya kwanza, sapu ya pili, nikafunga keja nikarudi home. Swali moja tu la dakika tano, manze.

Maabara kubwa iko nje ya dirisha

Sasa hii ndiyo sehemu huwa hawakuambii. Kama unataka kuelewa fizikia, Kericho na Bomet ni mahali pazuri balaa. Angalia mambo matatu.

*Sufuria.* Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, haikandamizi maji sana, kwa hivyo maji huchemka kwa nyuzi kama 93, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana madondo yako yatachukua muda mrefu kuiva hata ukiongeza moto. Moto ukiongezwa, maji yanakauka haraka tu, joto la sufuria halipandi. Hiyo ni thamodinamika na bado uko kwa keja.

*Kiwanda.* Majani mabichi ya chai yana maji kama asilimia 75 hadi 80. Chai kavu ina karibu asilimia 3. Piga hesabu: kupata kilo 1 ya chai unahitaji kama kilo 4.4 za majani, yaani kilo 3.4 za maji lazima ziondoke. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka nishati ya megajuli 2.26 hivi. Zidisha, unapata karibu megajuli 7.7 kwa kilo moja ya chai.

Sehemu ya hayo maji hubebwa na hewa ya feni wakati wa kunyausha. Yaliyobaki yanataka moto, na viwanda vingi huchoma kuni. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kama megajuli 15. Kwa karatasi, nusu kilo ya kuni ingetosha kila kitu. Lakini kuni mbichi hutumia moto wake kujikausha kwanza, na joto lingine linatoroka kupitia bomba la moshi. Kwa nini hili likuhusu? Kwa sababu gharama ya kiwanda hukatwa kabla mkulima alipwe. Ile bonasi mathe anangoja kila mwaka, sehemu yake inapaa na moshi. Mtu anayeweza kupima ni joto kiasi gani linapotea na wapi, huyo ana kitu cha kuambia kiwanda. Huo tayari ni mradi wa mwaka wa nne.

*Mvua ya mawe.* Kericho na Nandi Hills ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Maji hayagandi eti kwa sababu tu yamefika 0. Tone dogo safi huko mawinguni linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi -38. Ili ligande mapema linahitaji punje ya kushikilia. Mwaka wa 1982, Schnell na Tan-Schnell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mabaki ya majani yanayooza chini ya michai ya Kenya hutoa punje za aina hiyo, zinazogandisha maji nyuzi chache tu chini ya 0. Wazo lao: vumbi la majani linatifuliwa shambani, upepo unalibeba juu, na shamba linasaidia kutengeneza mawe yanayokuja kulichapa. Umewahi kuskia kitu kama hicho?

Na usidhani maswali kama haya ni ya wazungu peke yao. Mwaka wa 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanzania, aligundua mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia friji ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Akachekwa darasani. Hakunyamaza. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, wakafanya majaribio, na 1969 wakachapisha. Leo hilo jambo linaitwa kwa jina lake duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana juu yake.

Na kazi je?

Sitakudanganya. Hakuna ofisi imeandikwa "Mwanafizikia" mlangoni ikikungoja. Kama unataka kufundisha, chukua ualimu wa sayansi, fizikia na hesabu. Ukiwa na BSc tupu, TSC itakutaka uongeze diploma ya ualimu kwanza. BSc inaweza kukusogeza kwa vipimo na viwango, hali ya hewa, mvuke wa ardhini kama Olkaria, au data. Fizikia ya hospitali inataka masomo zaidi baada ya digrii.

Na kumbuka Mei 2023, watu walichoma mashine za kuchuma chai Kericho kwa sababu zilikuwa zinakula kazi ya wachumaji. Wengi wetu tumelipiwa fees na hiyo mikono. Mashine zikija, afadhali mtoto wa mchumaji awe kati ya wanaozielewa.

Kabla uripoti

Kama roho imekataa kabisa, KUCCPS hufungua dirisha la kuhama, angalia tarehe. Omba HELB mapema. Rudia aljebra na trigonometria sasa hivi, usingoje ufike. Beba sweta nzito, ile baridi haina jokes. Tafuta wasee wawili wa kusoma nao wiki ya kwanza.

Na siku ile lekcha ataandika kitu ubaoni, wote watingishe vichwa na wewe hujaelewa, inua mkono.