Sahani za zamani za Katanga: soma kwanza, usitupe

Sahani nyeusi ya muziki iliyosahaulika katika sanduku la babu, huko Kakanda au Likasi, inaweza kuwa na sauti ambayo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaitafuta. Ila ikianguka, inavunjika kama chungu.

Mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamkuta kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa. Akamrekodi. Wimbo «Masanga», wa Kiswahili, ulitoka kwenye sahani za Gallotone na kupendwa mpaka Kenya. Leo hazina ya rekodi za Tracey inatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, mbali na watu wa Katanga.

Wakusanyaji wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, wanajua thamani ya sahani moja. Mississippi John Hurt alirekodi nyimbo mwaka 1928, kisha akarudi kulima, akasahaulika. Wimbo wake mmoja ulitaja kijiji chake, Avalon. Mkusanyaji Tom Hoskins alifuata jina hilo, na mwaka 1963 akamkuta mzee bado hai. Mwaka uleule Hurt alipiga gitaa kwenye tamasha la Newport. Mwenda naye alipanda jukwaa la Newport mwaka 1969. Wote wawili waliufanya mkono mmoja usikike kama wapigaji wawili: dole gumba kwenye besi, kidole au vidole vingine kwenye sauti za juu.

Sahani za wakati wa «Masanga» zinazunguka mara 78 kwa dakika. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, ndiyo maana ni nzito na zinavunjika haraka. Vinili, iliyoenea baada ya 1948, ni nyepesi na inapindika kidogo. Sindano ya vinili ni nyembamba mno kwa mifereji ya 78. Kuitumia kunaharibu sauti.

Anayekuta sahani kama hizo nyumbani azisimamishe wima, mbali na jua na vumbi. Asizioshe kwa alkoholi, maana inayeyusha ule utomvu. Aandike kampuni, namba, jina la mwimbaji na lugha, kisha apige picha ya karatasi ya katikati. Kabla ya kukubali bei ya mnunuzi yeyote, nyimbo zinakiliwe, ili familia ibaki na sauti hata sahani ikiondoka.

Kazi nyingine haiwezi kungoja: kuwauliza wazee nani alipiga gitaa, nani aliimba, na katika kambi gani ya wafanyakazi. Karatasi ya katikati haiandiki hayo yote, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.