Kendu Bay: Mji uliozaliwa na ziwa ambao bado unaishi kwa hisani yake

NI miji michache midogo kandokando ya Ghuba ya Winam iliyochanganya watu wa asili na imani mbalimbali kama Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay. Sehemu yake ya kale iko karibu na maji, ambako meli zilitia nanga, maduka yakafunguliwa na msikiti ukajengwa. Siku hizi shughuli nyingi zimehamia juu, kando ya barabara ya lami inayotoka Katito kuelekea mji wa Homa Bay. Hata hivyo, asili ya mji huu, na hatari inayoukabili, vyote viko ufuoni.

Kabla ya barabara hiyo, njia kuu ya eneo hili ilikuwa maji. Reli ya Uganda ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, katika bandari ambayo leo ni Kisumu, meli za mvuke zilianza kuunganisha reli na vijiji vya pwani ya ziwa. Bandari ndogo zilichipuka moja baada ya nyingine: Kendu Bay, Homa Bay na, kusini zaidi katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Migori, Karungu na Muhuru Bay. Meli zilishusha nguo, chumvi na sukari, zikapakia nafaka, ngozi na pamba.

Bahati ya bandari hizo haikuwa moja. Karungu ilitangulia kuwa makao ya utawala wa wilaya ya Kavirondo Kusini, lakini mnamo 1907 makao hayo yalihamishiwa Kisii. Kendu Bay haikutegemea ofisi ya serikali. Ilitegemea wageni walioshuka melini wakaamua kubaki.

Miongoni mwao walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, waliofungua maduka na kununua mazao ya wakulima Waluo wa Karachuonyo. Waislamu nao walianzisha jumuiya ambayo wenyeji kadhaa walijiunga nayo. Kanyadhiang, kijiji kilicho jirani na mji huu, ndiko alikotoka Hussein Onyango Obama, Mjaluo aliyesilimu, na ambaye mjukuu wake, Barack Obama, alichaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 2008.

Mwaka 1906 walifika wamishonari wa Kanisa la Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada. Aliandamana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi inayoitwa Malawi leo. Walijenga kituo chao katika kilima cha Gendia, juu kidogo ya ufuo. Carscallen alijifunza Kidholuo, akaandika sarufi yake na kutafsiri sehemu za Agano Jipya. Karibu na mwaka 1913 mtambo mdogo wa kuchapisha vitabu ulifikishwa Gendia, na shughuli ya uchapishaji iliyoanzia hapo ingali inaendelea. Shule na hospitali zilifuata.

Kwa hivyo, mji huu ulikuwa na adhana ufuoni na nyimbo za Sabato kilimani. Siku ya Ijumaa wengine husitisha biashara kwa ajili ya sala ya adhuhuri, na Jumamosi wengine hawafungui kabisa. Jirani humwachia jirani mteja, kisha mambo huendelea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa msemo huo ulikuwa kanuni ya uchumi.

Si ajabu basi kwamba hekaya maarufu zaidi ya eneo hili inahusu mgeni aliyefukuzwa. Kilomita chache kutoka mjini kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo ndani ya shimo la volkano, na ambalo huvutia makundi ya heroe. Wazee husimulia kuwa palikuwa na kijiji ambacho watu wake walimnyima hifadhi ajuza aliyepita usiku. Mvua kubwa ilinyesha, na kijiji chote kikazama.

Ziwa Victoria lenyewe halihitaji hekaya ili lihofiwe. Kufuatia mvua nyingi za mwaka 1961, maji yake yalipanda kwa zaidi ya mita mbili hadi kufikia 1964, yakameza mashamba na kuharibu miundombinu ya ufuoni. Baadaye yalianza kushuka polepole. Kufikia mwaka 2006, ukame pamoja na maji mengi kuruhusiwa kupita katika mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, vilikuwa vimelishusha ziwa hadi kiwango cha chini zaidi katika miongo kadhaa. Katika fuo nyingi, ardhi iliyoachwa wazi ililimwa na kujengwa. Kizazi kipya kiliona nchi kavu pale ambapo wazee walikumbuka maji.

Mnamo Mei 2020 maji yalirejea. Ziwa lilipanda takriban mita tatu juu ya kiwango cha 2006, likaifikia rekodi ya 1964. Kutoka Homa Bay hadi Migori, mabanda ya kuuzia samaki, vyoo na nyumba vilifurikiwa. Ripoti ya serikali kuhusu kupanda kwa maji ya maziwa nchini, iliyotolewa mwaka 2021, ilitaja ongezeko la mvua na uharibifu wa ardhi katika vyanzo vya mito kuwa miongoni mwa sababu kuu.

Hapo ndipo swali la haki linapojitokeza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inasema maziwa ni ardhi ya umma, na vivyo hivyo eneo lililo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa. Lakini mpaka huo huhama, ilhali hatimiliki haihami. Mwenye ploti anaweza kulala akiwa na ardhi na baada ya msimu mmoja awe na karatasi tu. Mchuuzi wa omena hana hata karatasi hiyo, ingawa riziki yake inamlazimu kuanika samaki hatua chache tu kutoka majini.

Tangu mwaka 2007 kanuni za uvuvi zimevipa vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, jukumu la kuwaleta pamoja wenye mashua, wavuvi na wachuuzi. Vikundi hivyo husajili mashua, husimamia usafi na husuluhisha mizozo. Havina uwezo wa kugawa ardhi mbadala wala kuamua ni wapi ujenzi ukome. Jukumu hilo ni la serikali ya kaunti na ya kitaifa.

Rekodi za miaka sitini zinaonyesha maji yalikofika mara mbili, mwaka 1964 na mwaka 2020. Mstari huo ukiwekwa bayana katika mipango ya miji, anayenunua ploti atajua anachonunua, na wachuuzi watatengewa mahali pa kuanikia samaki palipo salama. Usipowekwa, ziwa litakaposhuka tena watu watalifuata, kama walivyolifuata kabla ya 2006, na watakaopoteza mali litakaporudi watakuwa ni wale wale wasio na pa kuhamia.