Bamba la Kujifunzia na Hukumu ya Kukunja

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza habari za kulehemu kwa umeme, yaani kuyeyusha kingo za vyuma viwili pamoja na ufito wa chuma, hata vikaungana vikawa kitu kimoja. Mtu apitaye mbele ya karakana huona cheche na mwanga mkali, akadhani ya kuwa ufundi wote uko katika moto ule. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla ya moto kuwashwa, na hukumu yake hutolewa baada ya moto kuzimwa.

Na hukumu hiyo si jambo la mchezo. Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya kuchukua mafuta, jina lake Schenectady, ilikuwa imefungwa gatini katika mji wa Portland, nchi ya Marekani. Maji yalikuwa matulivu. Kwa ghafula meli ile ilipasuka katikati. Wachunguzi walitaja sababu zaidi ya moja: chuma chenyewe kilikuwa na upungufu, na maungo mengine yalikuwa yamelehemiwa vibaya. Jicho haliwezi kuona ndani ya chuma. Hii ndiyo sababu mwanafunzi hupewa kwanza mabamba ya kujifunzia, akayaunga, kisha akayakunja, apate kujua ukweli wa mkono wake.

Tuchukue mabamba mawili ya chuma laini, unene wake milimita 10 hivi. Yakiwekwa ukingo kwa ukingo vivi hivi tu, moto hautafika chini. Utaunga juu, na chini yatabaki mbalimbali, kama mlango uliorudishwa bila kutiwa komeo. Kwa hiyo yatupasa kuchonga ukingo wa kila bamba kwa mshazari wa digrii 30 hivi. Mabamba yakikabiliana, hufanya mfereji wa digrii 60, mfano wa herufi V, na ufito huweza kufika hata chini kabisa.

Mshazari huu hukatwa kwa moto wa gesi, au kwa jiwe la kusagia, au kwa tupa kama mtu ana subira. Ukikatwa kwa gesi, mavi ya chuma yote yaondolewe mpaka chuma king'ae. Tena tusichonge hata ukingo ukawa mkali kama wembe, maana makali membamba huyeyuka mara moja, pakatoboka tundu. Tuache uso wa wima wa milimita 2 hivi upande wa chini. Kisha tusafishe juu na chini, kiasi cha inchi moja kutoka ukingoni, tukiondoa kutu, rangi, mafuta na yale magamba meusi ya kiwandani. Uchafu huo ukiungua hutoa hewa, na hewa ikinaswa ndani ya lehemu huacha vijitundu.

Sasa mabamba yalazwe sawasawa, lisipande moja juu ya jingine, na mwanya kati yao uwe wa milimita 3 hivi. Mafundi wengi hupima kwa kutia katikati ufito uliovuliwa ganda lake. Yashikizwe kwa lehemu fupi kila mwisho. Na kwa kuwa lehemu ipoapo hunywea na kuyavuta mabamba yainuke, fundi huyainamisha kidogo upande wa pili tangu mwanzo, ili yakivutwa yanyoke. Baada ya kila tabaka, mavi ya chuma yagongwe kwa nyundo na kusuguliwa kwa burashi ya waya kabla ya tabaka jingine. Wala asithubutu mtu kutazama moto huo kwa macho matupu. Kazi ikiisha, bamba liachwe lipoe lenyewe. Kulitosa majini likingali jekundu kwaweza kukifanya chuma kigumu na chepesi kuvunjika.

Ndipo lije jaribio. Ncha mbili za bamba hutupwa, na katikati hukatwa vipande viwili vyenye upana wa milimita 38, lehemu ikipita katikati ya kila kimoja. Lehemu iliyozidi juu na chini husagwa iwe sawa na bamba, na mikwaruzo ya jiwe ifuate urefu wa kipande. Ikikingama, ufa huweza kuanzia hapo, na fundi mwema akahukumiwa kwa kosa lisilo la lehemu yake. Pembe kali nazo huviringwa kidogo kwa tupa.

Chombo cha kukunjia ni mfano wa kinu na mchi. Kipande hulazwa juu ya kinu, na mchi wa duara wenye kipenyo cha milimita 38 husukumwa kwa jeki, hata kipande kikawa kama herufi U. Cha kwanza hukunjwa uso wa lehemu ukiwa nje. Cha pili, shina lake likiwa nje. Upande wa nje huvutwa ukaongezeka karibu sehemu moja ya tano ya urefu wake, na palipo na uongo hufunguka. Kwa kanuni ya D1.1 ya American Welding Society, ufa wa usoni ukizidi milimita 3, kipande kimeshindwa.

Tulipata kuwaona wanafunzi wawili katika kazi hii. Mmoja alisaga na kupima asubuhi nzima. Mwenziwe alimcheka, akaunga upesi mabamba yenye kutu, bila mwanya, na lehemu yake ikatoka na mawimbi mazuri yaliyosifiwa na wote. Adhuhuri vipande vilitiwa katika chombo. Cha yule wa kwanza kilikunjika bila ufa. Cha pili, shina lilipowekwa nje, kilialika kama kijiti kikavu, kikafunguka. Ndani zikaonekana kingo mbili kama zilivyokatwa, hazikuguswa na moto hata kidogo. Kijana yule alinyamaza, kisha akaenda kutafuta tupa.

Wahenga walisema, penye urembo ndipo penye ulimbo. Basi, ewe kijana utakaye kazi hii, usione haya kipande chako kikipasuka mbele ya mwalimu wako. Afadhali kipasuke hapo, palipo na chuma kingine cha kuanza upya, kuliko lehemu yako kupasuka kesho katika daraja ambalo watu wanapita.