Rando la vanila limeoza mizizi? Usiling'oe, na usilimwagilie



Kila mvua kubwa zikipita, simu yangu hujaa picha za aina moja. Rando la vanila limenyong'onyea, majani yamelegea, shina limejikunja na kuweka mifereji kama kamba iliyoanikwa juani. Chini ya picha kuna swali: "Bwana shamba, nimwagilie mara ngapi kwa siku?"

Jibu langu ni usimwagilie hata tone. Kwanza fukua taratibu kwa mkono uone mizizi.

Nasema hivyo kwa sababu hata mimi niliwahi kukosea. Nikiwa mgeni kazini huku Kagera, nilimwambia kijana mmoja aongeze maji na samadi kwenye marando yake 40 yaliyolegea. Mwezi mmoja baadaye yalikuwa yamebaki 6. Hakunilaumu, lakini nilijua nimemrudisha nyuma miaka. Vanila unaipanda leo, ua la kwanza unaliona baada ya miaka miwili au mitatu. Sasa fikiria kuanza upya.

Kwa nini linanyauka wakati udongo umelowa?

Vanila ni ndugu wa okidi, yale maua ya kwenye vyungu yanayouzwa mjini. Ukoo huu mizizi yake inapenda hewa. Ya vanila haiendi chini sana, inatambaa juu juu kwenye matandazo na mboji. Maji yakituama, samadi ikiwa mbichi, au jembe likiikata, mizizi inapata majeraha na kukosa hewa. Hapo fangasi anayeitwa fuzariamu anaingia na kuiozesha.

Rando lisilo na mizizi halinywi, hata ukilimwagia pipa zima. Linakauka kwa kiu huku limesimama kwenye maji. Ukiongeza maji unamlisha fangasi.

Habari njema ni kwamba shina la vanila ni nene na lina akiba ya maji. Linaweza kukaa wiki kadhaa bila mizizi ya chini. Utaona hata lenyewe linahangaika kujiokoa, linatoa mizizi mingi ya hewani inayoning'inia kutafuta ardhi. Ukiona hivyo, ujue bado lina uhai, ila muda unakwenda.

Pima kabla ya kuamua

Shika mzizi na uubonyeze. Mzima ni mgumu, mweupe au una ukijani. Uliooza ni wa kahawia, laini, na ganda lake linachomoka kama soksi.

Kisha kata shina chini na utazame ndani. Ukiona kahawia, panda juu kidogo ukate tena. Endelea mpaka ukutane na nyama safi ya kijani isiyo na doa, halafu ongeza kifundo kimoja juu yake kwa usalama. Kifundo ni pale jani linapoanzia. Kila unapokata, futa kisu kwa spiriti, la sivyo unautembeza ugonjwa mwenyewe. Vaa glovu pia, utomvu wa vanila unawasha ngozi.

Kama kahawia imepanda mpaka kileleni, hapo hakuna cha kuokoa. Ling'oe, lichome moto, usilitupe kwenye matandazo.

Kama lina mizizi mizuri ya hewani

1. Ondoa sehemu yote iliyooza, uichome.

2. Andaa tuta dogo upande mwingine wa mti egemezi, au kwenye mti mwingine kabisa kama rando ni refu. Usirudi kwenye shimo lilelile, maana fuzariamu anakaa kwenye udongo miaka mingi. Tumia mboji iliyoiva vizuri na majani makavu. Samadi mbichi hapana.

3. Shusha rando taratibu bila kulivunja. Laza vifundo 3 au 4 vyenye mizizi juu ya tuta, ondoa majani ya vifundo hivyo, kisha funika kwa tabaka jembamba la mboji na majani makavu. Usishindilie.

4. Ncha uliyoikata isizikwe. Iache nje ya mboji ijikaushe, kwa sababu ndiyo mlango wa fangasi.

5. Funga sehemu iliyobaki kwenye mti kwa ukanda wa mgomba, usikaze.

Kama halina mizizi ya hewani

Kata vipande vizima vya urefu wa mita 1 au zaidi. Vifupi sana vinaota, ila vinachelewa kutoa maua. Viweke kivulini mahali pakavu penye hewa kwa siku 7 hivi mpaka kidonda kikauke. Majani yatalegea kidogo, usiogope. Baada ya hapo vilaze kwenye tuta kama nilivyoeleza juu.

Kwa njia zote mbili, kivuli kiwe kama nusu ya jua. Kama mti wako umepukutika, tengeneza kivuli cha majani ya migomba. Matandazo yawe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, siyo tope. Siku za ukame nyunyizia maji kidogo asubuhi. Mbolea usiweke kabisa mpaka uone ncha mpya inakua.

Tegemea wiki 4 hadi 8. Usifukue kila siku kuangalia kama mizizi imetoka, utaivunja. Angalia majani: yakianza kukakamaa na ncha ikisogea, mizizi imeshika.

Hapa ndipo vijana wengi tunashindwa

Rando lililoshushwa likiwa na machipukizi ya maua, yaondoe. Na maganda machanga pia. Najua inauma. Ganda linachukua karibu miezi 9 kukomaa, na muda wote huo linanyonya nguvu ambayo rando linaihitaji kutengeneza mizizi. Ukitaka vyote viwili, mara nyingi unakosa vyote.

Tena mzigo wa maganda ndio mara nyingi ulioleta shida. Huku kwetu ua la vanila halichavushwi na mdudu, tunalichavusha wenyewe kwa kijiti. Njia hiyo aliigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841. Maana yake ni kwamba idadi ya maganda unaiamua wewe. Rando zima lichavushe maua 8 hadi 10 kwa kishada, mengine yaache yadondoke. Lililotoka kuugua lipumzishe msimu mzima. Bei ikipanda tamaa inatuzidi, tunachavusha kila ua, na mwaka unaofuata tunazika shamba.

Neno la mwisho: usiliuze

Kuna mtu aliniuliza kama anaweza kukata marando ya shamba linalooza akauze kama mbegu kabla hayajafa. Nilimwambia hapana, na nakwambia wewe pia. Kipande kinaweza kuonekana kizima nje na bado kikabeba ugonjwa. Unachookoa kwenye shamba lenye fuzariamu kibaki kwenye shamba lako, ukikiangalia. Jirani yako akipanda ugonjwa wako, ukungu hautambui mpaka wa shamba. Utakurudia.

Kwa hiyo kesho asubuhi pita shambani kabla jua halijawa kali. Rando lolote lililolegea wakati udongo umelowa, piga magoti ufukue. Ukiliwahi mapema, unaokoa miaka yako miwili. Ukichelewa, unabaki na mti egemezi mtupu.

Kazi njema, mkulima mwenzangu. Ukikwama, piga picha ya shina ulilolikata, siyo ya majani peke yake, unitumie tuangalie pamoja.